Jinsi ya kumhurumia mwana wa Liyongo bila kumsafisha

Klabu yetu ya maigizo ikichagua kisa cha Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya kale ya Waswahili, ninajua mapema ugomvi utakuwa wapi. Nafasi ya Liyongo inagombaniwa na wavulana wote warefu. Saada, kijakazi anayepeleka mkate gerezani, hakosi mtu. Hata mfalme wa Pate, mwovu alivyo, ana wateja, maana kilemba chake kizuri. Tukifika kwa mwana aliyemchoma baba yake kitovuni kwa sindano ya shaba, darasa zima linaangalia dirishani. "Ticha, huyo mpe mtu mwingine. Nitaitwa msaliti mpaka nimalize shule."

Na akipatikana wa kulazimishwa, anaigiza vibaya: anaingia akikunja uso, ananyata kama mwizi wa kuku, na watazamaji wanajua kila kitu kabla hajafungua mdomo. Kwa hiyo haya ninamwandikia mwalimu mwenzangu, au mzazi anayesimulia kisa hiki nyumbani na amechoka kumwona huyu kijana akitupwa jalalani bila kusikilizwa.

Usianzie kwenye sindano. Anzia kwenye harusi ya wazazi wake, sehemu ambayo wengi huiruka ili wafike haraka kwenye vita. Wagala, ndio Waoromo wa leo, wamefika Pate. Mfalme anawasifia Liyongo, nao wanataka kumwona kwa macho. Liyongo anakuja kutoka mji wa Shaka, anapuliza panda zake hadi zinapasuka, kisha anamwaga vitu kutoka kwenye mfuko aliobeba begani: kinu, mchi, jiwe la kusagia, vyungu, mpaka mafiga. Wageni wanashangaa, na wanachoomba ni mbegu. Wanataka mtu wa namna ile azaliwe kwao. Basi Liyongo anaozwa binti wa Kigala, na kutokana na makubaliano hayo anazaliwa mtoto wetu.

Soma tena hapo polepole. Mtoto huyu alitakiwa na watu wazima kabla mama yake hajajua jina la mumewe. Katika mazoezi ninamkalisha mwigizaji wake pembeni mwa jukwaa tangu onyesho hilo, hana maneno, anasikiliza tu wakubwa wakijadili faida yake. Wanafunzi hunilalamikia kwamba hajazaliwa bado. Najua. Akae.

Halafu mpe daftari, aandike alikuwa wapi wakati mambo mengine yanatendeka. Wadahalo na Wasanye, wawindaji wa msituni, wanapotumwa na mfalme kumwua Liyongo kwa hila ya kula makoma, matunda ya mkoma, kwa zamu, ili apigwe mishale akiwa juu ya mti, naye anayaangusha makoma kwa mishale akiwa chini, kijana yuko wapi? Baba akifungwa gerezani, tupa ikifichwa ndani ya mkate wa makapi, ngoma ya gungu ikilia ili mlio wa pingu zinazokatwa usisikike, kijana yuko wapi? Utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 hauna nafasi naye kwenye visa hivyo. Saada kijakazi ana jina. Mwana wa shujaa anabaki kuwa "kijana". Usimwambie mwanafunzi jibu. Wa kwangu mmoja aliandika: "Nilikuwa kwa mama, kila mgeni akija ananipima urefu." Sentensi hiyo hatukuiingiza kwenye mchezo, lakini ilimnyoosha mgongo yule mtoto kuliko mahubiri yangu yote.

Daftari likijaa, chora foleni ubaoni ya waliojaribu kumwua Liyongo: mfalme, askari, watu wa msituni, wafunga pingu. Wote wanaume wazima, wote wameshindwa. Mwisho wa foleni ndipo anapoitwa kijana, anaahidiwa cheo na binti wa mfalme. Swali la kuuliza darasani si "Kwa nini alikubali?" Hilo wataligeuza kuwa kiwanja cha matusi. Uliza, "Katika chumba kile, nani angemwambia kataa?" Acha wahangaike. Mama yuko mbali, baba yuko porini, na mtu pekee anayemwita mwanangu ni mfalme.

Sasa tufike kwenye onyesho ninalolipenda, na ndilo ninalolipa muda mrefu kuliko yote. Kijana anamwendea baba yake na kumwuliza ni kitu gani kinachoweza kumwua. Liyongo si mjinga. Mtu aliyenusa hila ya makoma kutoka chini ya mti hawezi kushindwa kunusa swali kama hilo. Anajua mwanawe ametumwa. Na bado anamwambia: sindano ya shaba, kitovuni.

Fanyeni onyesho hili kwa njia mbili. Mara ya kwanza kijana aulize kwa ujanja, sauti nyororo, kama anayebembeleza hela ya nauli. Mara ya pili aulize huku akitamani baba akatae kujibu. Maneno yasibadilike hata moja. Njia ya pili ndiyo inayonyamazisha ukumbi, kwa sababu baba akijibu, mlango wa mwisho wa kutokea unafungwa. Mwambie mwigizaji asilie. Apokee jibu kama mtu aliyekabidhiwa mzigo mzito barabarani, aseme "Ahsante, baba," atoke. Liyongo naye asimtazame kwa huzuni ya kinabii. Aendelee kunoa mishale yake. Mwigizaji wa Liyongo atakubishia, wote hubisha, maana anataka onyesho liwe lake.

Kisha kuna kusubiri. Katika simulizi tunayoigiza, kijana anarudi na sindano, anapokewa kwa furaha, siku zinapita, kila akitaka kuchoma anaogopa. Mpaka mfalme anamwandikia waraka: harusi tayari, mbona unachelewa? Usikate sehemu hii eti mchezo ni mrefu. Kata ngoma moja badala yake. Hizi siku za kula sahani moja na mtu unayekusudia kumwua ndizo zinazomfanya awe mtu. Tunatumia shazia ya kushonea magunia, iliyotiwa butu kwa tupa na kupakwa rangi ya shaba. Kijana anaichomeka kwenye pindo la kikoi, na kila akikaa kula inambidi ajisogeze isimchome yeye. Watazamaji wa mbele wanaiona. Inatosha.

Mpaka hapa umempa huruma ya kutosha, usiongeze. Baba amelala, amechoka, na kijana anachoma. Usimwandikie hotuba ya majuto, usiweke kinanda cha huzuni, na tafadhali usimfanye mfalme amshike mkono kwa nguvu. Alichoma mwenyewe. Ukimwondolea hilo unamrudisha alikotoka, kuwa kitu kinachobebwa na wengine. Liyongo anaamka, anachukua upinde, anapiga goti kisimani na kufa vile vile, mshale mkononi, na mji unakosa maji kwa kuogopa kumkaribia. Macho yote yatakuwa kwake, na ni haki yake. Yaliyompata kijana baadaye, ahadi kuvunjwa, kudharauliwa, kuugua na kufa, yapite upesi kwa mdomo wa msimulizi.

Nafasi hii usimpe mtoto anayeonewa tayari shuleni, hata akiimudu vipi. Utani wa jukwaani hauishi na mchezo. Mpe anayependwa, nahodha wa mpira au mcheshi wa darasa, ambaye akiitwa mwanahizaya uwanjani atacheka na kujibu.

Na pazia likifungwa, mbadilishie nguo haraka, atoke akiwa ameshikana mikono na Liyongo, awasalimie wazee waliokaa mbele. Njia ya kurudi bwenini asiende peke yake. Watoto wa shule ya msingi tunaowaalika huwa wanamsubiri pale kwenye mwembe, na maembe machanga yamejaa mikononi.