Somo: Kujenga kivuli cha kambi kinachostahimili upepo wa nchi kame

Anayetoka Arusha kwenda kupiga kambi Engare Sero, kando ya Ziwa Natron, huacha mji ulio takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na kushuka hadi takriban mita 600, mahali ambapo joto la mchana halina huruma na miti ni ya kuhesabu. Migunga ipo, lakini kivuli chake ni cha matundumatundu, na mara nyingi wachungaji na mbuzi wao wamekwisha kukitangulia, tena kwa haki, kwa kuwa ni kwao. Kwa hiyo mgeni anapaswa kufika na kivuli chake mwenyewe.

Kivuli changu cha kwanza kilikuwa turubai la bluu, mirunda minne na vigingi vidogo vya hema. Saa kumi alasiri upepo ulishuka kutoka kwenye kingo za Bonde la Ufa, ukaingia chini ya turubai, ukalinyanyua pamoja na mrunda mmoja, na mrunda huo ukaanguka mahali ambapo mtoto wa dada yangu alikuwa amelala dakika chache tu kabla. Tangu siku hiyo ninajenga nikiufikiria upepo kwanza na jua baadaye, na somo hili limepangwa kwa utaratibu huohuo.

Ni vyema kuifahamu hesabu yenyewe. Upepo wa kilomita 36 kwa saa, ukilipiga turubai usoni, husukuma kila mita mraba kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 6. Kasi ikiongezeka mara mbili na kufika kilomita 72, nguvu haiongezeki mara mbili bali mara nne, yaani kilo 24 hivi kwa kila mita mraba. Turubai la mita 3 kwa 4 lililosimama wima mbele ya upepo huo linavutwa kwa karibu kilo 290, na hakuna kigingi cha hema kinachoweza kuyahimili hayo. Hii ndiyo sababu sitandiki tena turubai juu ya paa, bali neti ya kivuli, ileile inayotumiwa na wakulima wa mboga na maua kwenye vitalu vyao, kwa kuwa inazuia sehemu kubwa ya jua na kuuacha upepo upite.

Hatua ya kwanza ni kununua na kukata mabomba. Nunua mabomba 5 ya chuma yenye zinki, ya robo tatu inchi, ambayo kwa kawaida huuzwa yakiwa na urefu wa mita 6. Mawili yakate vipande vya mita 2 upate miguu 6. La tatu likate vivyo hivyo upate vipande 3 vya ubavuni. La nne likate katikati upate vipande 2 vya mita 3, vitakavyolala kwa upana wa paa. La tano litoe kipande kimoja cha mita 3 na kimoja cha mita 2, na itabaki mita moja ambayo usiitupe. Fremu hiyo ina mita 4 kwa urefu na 3 kwa upana, na kwa bomba lenye ukuta wa milimita 2.6 uzito wake ni takriban kilo 45.

Hatua ya pili ni viungo, na hapa ndipo fundi wa kuchomelea anapohitajika. Nunua nusu ya bomba la inchi moja, yaani mita 3, ulikate vipande 20 vya sentimita 14. Kila pembe ya paa inahitaji vipande 3 vilivyochomelewa pamoja, kimoja kikitazama chini na viwili vikitazama pande zake, na kila kiungo cha katikati ya ubavu kinahitaji vipande 4. Kabla ya kulipa, chukua kipande cha bomba la robo tatu ukakiingize ndani ya lile la inchi moja palepale dukani, kwa maana ukuta wa bomba ukiwa mnene kupita kiasi havitaingiliana, nawe utakuwa umekwisha kubeba mzigo usiofaa. Mwombe fundi akwangue zinki kwenye sehemu ya kuchomelea na afanyie kazi nje, penye hewa, kwa sababu moshi wa zinki iliyoungua humletea mtu homa na baridi usiku uleule. Kisha kila kipande kitobolewe tundu moja, juu ya tundu ichomelewe nati, na bolti ya milimita 8 ikazwe hapo kwa spana namba 13 hadi iliume bomba lililo ndani. Wengi huziruka bolti hizi kwa kuwa fremu husimama vizuri bila hizo. Husimama kweli, mpaka upepo uinyanyue na miguu ichomoke yenyewe.

Hatua ya tatu ni neti. Chukua yenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 6, inayozuia jua kwa asilimia 75 au 80. Kunja kila ukingo kwa sentimita 10 na ushone mishono miwili kwa uzi mnene wa nailoni. Neti itabaki na upana wa mita 2.8, na huo upungufu ni wa makusudi. Neti haifungwi moja kwa moja kwenye bomba, bali kwa vipande vya mpira vilivyokatwa kwenye tyubu kuukuu, kama wanavyofungia mizigo watu wa bodaboda, kila baada ya sentimita 40. Mpira huvutika dharuba inapokuja na kurudi ikipita, ilhali kamba ngumu huichana neti palepale mshono ulipo. Kila mpira ufunge kwa fundo linalofunguka kwa kuvuta ncha moja.

Mita 4 za neti ni paa, na zilizobaki ni pazia la upande wa magharibi. Natron ipo karibu nyuzi 2 na nusu kusini mwa ikweta, hivyo jua hupita karibu na utosi, na kwa saa zetu hufika juu kabisa karibu saa sita na nusu. Saa tatu baadaye, yaani saa tisa na nusu, kivuli cha paa lenye kimo cha mita 2 kinakuwa kimehamia mashariki kwa mita 2 hivi, wakati joto bado ni kali. Kwa hiyo urefu wa fremu uelekee mashariki na magharibi, ili kivuli kinapotembea kikuachie nusu ya eneo, na pazia likamilishe nusu nyingine.

Hatua ya nne ni nondo na kamba. Nondo moja ya milimita 12, ile ndefu ya mita 12, inatosha kwa kazi yote: ikate vipande 16 vya sentimita 60. Vipande 10 vipindwe ncha viwe na ndoano. Hivi ni vigingi vya kamba. Vipande 6 viachwe vimenyooka: kila kimoja hupigwa ardhini nusu yake, na mguu wa bomba huvalishwa juu ya nusu iliyobaki.

Kamba iwe ya manila ya milimita 8, vipande 10 vya mita 3 na nusu. Kila mguu wa pembeni hupewa kamba mbili, moja kwa kila upande wa nje, na kila mguu wa katikati hupewa moja. Kigingi kikae mita 2 kutoka kwenye mguu, yaani umbali ulio sawa na kimo chake, kisha kipigwe kikiwa kimeinamia nje, kikiipa kambi kisogo, hadi zibaki sentimita 10 tu juu ya ardhi. Kigingi kilichosimama wima huchomoka kama msumari kwenye ubao mbovu. Kila ncha uivike chupa tupu ya maji, kwa maana ndoano ya nondo usiku ni adui wa miguu ya watoto.

Kusimamisha kwenyewe ni kazi ya watu wanne, nayo ifanywe asubuhi kabla ya saa tatu, upepo ukiwa bado umetulia. Unganisheni paa chini, valisheni miguu ya ubavu mmoja na kufunga kamba zake kwanza, ndipo mnyanyue ubavu wa pili. Neti ifungwe mwisho, baada ya kamba zote 10 kukazwa.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Mimi nipo Moshi na nina mirunda nyumbani. Je, siwezi kuitumia badala ya mabomba?

Marahaba. Unaweza, ikiwa imekauka vizuri na unene wake si chini ya sentimita 6. Badala ya viungo vya chuma, toboa ncha za juu upitishe bolti ndefu, na miguu ifukiwe sentimita 50 kwa kuwa haiwezi kuvalishwa juu ya nondo. Mirunda ya miguu basi iwe ya mita 2 na nusu. Ninakuomba tu uibebe kutoka nyumbani, usikate mti wowote huko uendako. Mgunga mmoja wa nchi kame umechukua miaka mingi kukua.

Kaka, gari langu ni Noah, na vipande vya mita 3 vinanitia wasiwasi kwenye keria.

Vikate katikati, kisha kila ulipokata utie ndani bomba la nusu inchi la sentimita 40, nusu upande huu na nusu upande wa pili, ufungie kwa bolti inayopita pande zote. Nalo ulijaribishe kwanza dukani.

Je, neti nyeusi haiongezi joto?

Nyeusi hudumu zaidi juani, lakini hupata joto na kulishusha juu ya vichwa vyenu. Ya rangi ya fedha ni bora ukiipata. Ukiwa na nyeusi, tandika chini yake shuka jeupe la pamba, ukiacha nafasi ya sentimita 25 ili hewa ipite katikati. Tofauti utaihisi kwa mkono. Shuka hilo liondolewe upepo unapoanza, kwa sababu halipitishi hewa kama neti.

Tulipopiga kambi, ardhi ilikuwa majivu ya volkeno, laini kama unga, na vigingi vyote vilitoka. Tufanyeje?

Kwenye udongo wa namna hiyo kigingi hakina cha kushika, hata kiwe kirefu. Chukua kiroba, kijaze mchanga au majivu yaleyale, kifunge mdomo, kifunge kamba katikati ya tumbo, kisha kifukie shimoni kwa kina cha sentimita 50 na ushindilie kwa mguu. Kamba itoke ardhini kupitia mfereji mwembamba uliochimbwa kwa mshazari kuelekea kambini. Ikitoka wima, itakivuta kiroba juu badala ya kukikaza. Pima kila kimoja kwa kumwomba mtu mzima aivute kamba kwa uzito wake wote. Kikisogea, fukua na uongeze kina. Chini ya kila mguu weka jiwe bapa au kipande cha ubao ili usizame.

Dada wa mtaa wa Sakina, Arusha, hapa. Naweza kupika chini yake, na mvua ikija je?

Hapana kwa yote mawili, dada yangu. Neti ni plastiki, cheche moja huitoboa na mwali huila yote, kwa hiyo jiko likae mita kadhaa upande upepo unakoelekea. Neti haizuii mvua, na radi zikianza, watu wote waondoke chini ya fremu ya chuma waingie ndani ya gari na kufunga milango. Usiku pia vuteni ncha za mipira na kuishusha neti, fremu ibaki peke yake, kwa sababu huko Natron upepo mkali zaidi niliokutana nao ulikuja watu wakiwa wamelala. Mkirudi mjini, osheni mabomba kwa maji safi siku hiyohiyo, kwa kuwa vumbi la magadi likikaa kwenye vyuma, viungo na bolti huanza kushika kutu.