Somo: Kuongoza timu ambayo nusu iko ofisini, nusu iko majumbani

Hamjambo wanachama. Leo nasema na wenye timu ndogo za uwakala wa forodha hapa Mombasa, maana ndiyo kazi ninayoijua. Mmoja yuko getini Kilindini, wawili wako ofisini Moi Avenue, mwingine yuko kwake Mtwapa anaingiza hati, na mwenzao yuko Embakasi, Nairobi, anapokea makontena yanayokwenda kwa reli. Ukiwa wa hoteli au wa uhasibu, badilisha mifano tu.

Hatua ya 1. Gawa kazi kabla ya kugawa watu. Andika kazi za wiki nzima, kisha uulize kila moja kama inamtaka mtu awepo pale. Ukaguzi wa kontena unamtaka. Hakuna anayekata sili akiwa Bamburi. Kuingiza hati kwenye mfumo wa forodha hakumtaki, kwa kuwa mfumo uko kwenye intaneti. Wakubwa wengi huanzia upande wa pili, "huyu namwamini, yule simwamini," na kukaa nyumbani kukageuka zawadi ya vipenzi.

Hatua ya 2. Siku za ofisini ziwe za pamoja. Mtu kuhangaika na feri ya Likoni asubuhi halafu akute viti vitupu ni kumvunjia heshima. Siku mbili zatosha, na ziwe za kesi ngumu na kumfunza mgeni. Ijumaa mimi siichagui: mchana ni wa swala, na baada ya hapo akili za watu ziko wikendi.

Hatua ya 3. Uamuzi uandikwe. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu timu za namna hii mara nyingi haziharibiwi na uvivu bali na habari za koridoni. Mteja anapiga simu, bosi anamgeukia aliye karibu: "Lile kontena la vigae lisubiri." Basi, imekwisha hiyo. Wa Mtwapa hana habari, analipa ushuru, anaita lori. Jioni lawama zinamwangukia yeye, kwa kuwa hayupo kujitetea. Thomas Allen wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, aliyewachunguza wahandisi, alionyesha tangu miaka ya 1970 kwamba mazungumzo ya kikazi hupungua haraka madawati yakitengana, hata ndani ya jengo moja. Sembuse mkitenganishwa na bahari.

Kwa hiyo, aliyeamua kwa mdomo aandike kwenye kundi la kazi kabla hajashika jambo jingine. Ujumbe uwe hivi:

"Kontena la vigae, mteja wa Nyali. TUSILIPE ushuru leo, anangoja ankara mpya ya muuzaji. Anayefuatilia: dawati la Mtwapa. Tutaangalia tena Jumatano 10:00 asubuhi. Siku za bure za bandari zinaisha Ijumaa."

Mstari wa mwisho ndio wenye pesa. Siku za bure zikiisha, ada ya kuhifadhi mzigo inaanza kuhesabiwa, na mteja hataki kujua nani alisikia na nani hakusikia. Ujumbe wa sauti wa dakika tatu usitumike kwa uamuzi hata kidogo. Nani atausikiliza wote tena Alhamisi kutafuta tarehe moja?

Hatua ya 4. Mkutanoni, mmoja akiwa kwenye skrini, wote wawe kwenye skrini, kila mtu na simu yake na visikizi vyake. La sivyo wa mbali atabaki kusikia vikombe vya chai na kicheko asichojua kimetoka wapi.

Hatua ya 5. Pima kilichokamilika: hati zilizopita bila kurudishwa, makontena yaliyotoka kabla siku za bure hazijaisha. Kile kitone cha kijani kando ya jina la mtu hakithibitishi chochote.

Hatua ya 6. Kila mtu awe na njia ya pili ya intaneti, na mkubaliane nani anampigia nani simu ya kawaida mtandao ukigoma. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini na intaneti ikazorota Afrika Mashariki, sisi ambao nyaya hizo zinatua hapa hapa Mombasa tukiwemo.

MASWALI YA WANACHAMA

Likoni: Shikamoo mwalimu. Bosi wangu asema wa nyumbani hawafanyi kazi. Nimwambie nini?

Marahaba. Usibishane, mwombe majaribio ya miezi mitatu. Mpe na utafiti huu: mwanauchumi Nicholas Bloom na wenzake walifuatilia wafanyakazi 1,612 wa Trip.com, kampuni ya safari huko Uchina, baadhi wakifanyia kazi nyumbani siku mbili kwa wiki. Matokeo yalitoka katika jarida la Nature mwaka 2024. Walioacha kazi walipungua kwa thuluthi, na tathmini za kazi hazikushuka. Ila usimzidishie chumvi: ilikuwa siku mbili, si wiki nzima.

Kisauni: Dada, kwangu kuna watoto na stima hupotea. Naona haya kuwasha kamera.

Izime, bibie. Na kama nyumbani hapafai kwa kazi, sema mapema upewe dawati. Kukaa nyumbani kusiwe lazima.

Changamwe: Vijana wanatumiana nakala za pasipoti na PIN za wateja kwenye simu zao. Ni sawa?

Si sawa. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na anayebeba mzigo wa kulinda taarifa hizo ni kampuni yako. Ziweke mahali pamoja penye nywila, na mtu akiacha kazi afungiwe siku hiyo hiyo.

Tudor: Kijana wetu wa Nairobi hasemi neno mkutanoni.

Mpigie peke yake kila wiki, umuulize: "Ni jambo gani ulilijua baada ya wenzako wote?"

Tudor tena: Na akisema hakuna?

Basi muulize karani wa getini. Huyo atakutajia mambo matatu.