Namna ya kuandaa mwani wa kula nyumbani, na nani apunguze

Wifi yangu wa Jambiani, Zanzibar, analima mwani miaka nenda miaka rudi, anauza kwa kilo, lakini kuula ndiyo kwanza. Kaonja juisi yake harusini, akataka kujua inatengenezwaje. Haya ndiyo niliyomwelekeza.

1. Chagua mwani

Uchukue shambani, ukiwa hai kwenye kamba. Uliotupwa na maji ufukweni uache. Aina tulizonazo ni spinosamu na kotonii, zilizoanza kulimwa Paje na Jambiani mwaka 1989. Spinosamu hutoa jeli laini, yafaa kwa juisi. Kotonii jeli yake ni ngumu, lakini haistahimili bahari ikipata joto, kwa hiyo kuipata ni bahati. Vitawi vilivyogeuka vyeupe na kulainika vikate. Usivune karibu na bandari wala panapomwagwa maji machafu, maana mwani hunyonya madini mazito na huwezi kuyaosha.

2. Osha

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, halafu wanasema mwani unanuka.

Anza na maji ya bahari palepale pwani: tikisa mpaka mchanga, konokono na majani yaliyojishika yatoke. Kata taitai zote, yaani vikamba vya kufungia mwani, usibakize hata kipande. Ukifika nyumbani hamia maji matamu. Angalia kisima chako: visima vingi vya pwani ya mashariki vina maji ya chumvichumvi, na ukiosha kwa hayo umejisumbua bure. Tafuta ya mfereji au ya mvua. Loweka, sugua kwa vidole pale matawi yanapopandana, mwaga, rudia. Usihesabu mara ngapi. Onja kitawi, kikiwa bado na chumvi endelea. Mwenye presha asiruke hili, chumvi iliyobaki ndiyo itakayomdhuru.

Maji ya moto usitumie kabisa, utaanza kuyeyusha jeli na kuimwaga. Na ndimu? Wengine huloweka nayo kuondoa harufu. Ukifanya hivyo, suuza vizuri sana kabla ya kuchemsha, kwa sababu ukali wake ukikutana na moto hukata nguvu ya jeli, ukabaki na uji mwepesi. Mimi ndimu naitia mwisho, kikombeni.

Mwani mkavu wa kuuza hukaushwa na chumvi yake, mara nyingine juu ya mchanga. Ukinunua huo, kazi ya kuosha ni maradufu.

3. Anika

Kwenye kichanja chenye wavu, si chini. Lowesha kwa maji matamu na uanike tena: jua litaupausha, harufu ipungue.

4. Chemsha

Konzi moja ya mwani mkavu kwa lita moja ya maji. Loweka uvimbe, kisha moto mdogo kama nusu saa, ukikoroga. Saga, chuja, acha upoe. Vijiko viwili vya jeli kwa juisi ya nanasi na tangawizi vinatosha.

5. Kiasi

Mwani una nyuzinyuzi zinazosaidia choo, na madini kama magnesiamu na potasiamu, kwa nishati kidogo. Protini yake si ya kutegemea, na kwa vitamini B12 usiuweke badala ya samaki, hata kama muuzaji anaapa.

Tatizo ni madini joto (ayodini). Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 kwa siku, mja mzito 250, na chumvi yetu ya dukani tayari imetiwa. Tezi ya shingo huumia yakipungua, na huumia pia yakizidi. Mwani wetu mwekundu una kiasi cha wastani, tofauti na kombu wa Japani, wa kahawia, ambao gramu moja inaweza kupita mahitaji ya siku kwa mbali. Kwa hiyo mapishi ya kombu ya mtandaoni usiyafuate kwa vipimo vyake. Nikimjibu wifi: glasi moja, mara chache kwa wiki.

Mwenye rovu au anayetumia dawa za tezi amuulize daktari kwanza. Vivyo hivyo anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kwa sababu ya vitamini K, na mgonjwa wa figo, kwa sababu ya potasiamu. Mja mzito asianze vidonge vya mwani kwa ushauri wa shoga yake.

6. Hifadhi

Jeli ikae kwenye friji siku chache tu. Ikichacha au ikitoa maji yenye harufu, mwaga.