Ukikutana na "mil": ni elfu au ni asali?

Kabla ya kufungua kamusi, jua kwanza maandishi ni ya lugha gani. Kwa Kihispania, Kireno na Kikatalani, mil ni elfu moja. Kwa Kiwelisi na Kibretoni vilevile. Lakini kwa Kiayalandi na Kigaeli cha Uskoti mil ni asali, kwa hiyo kujua tu kwamba lugha ni ya Kikelti, jamii ya lugha hizo nne za mwisho, hakukusaidii.

Kwenye Kihispania kazi ni nyepesi. Tazama neno lililotangulia: dos mil ni elfu mbili, na mil halibadiliki. Likisimama peke yake kabla ya kinachohesabiwa, ni elfu moja. Miaka nayo husomwa hivyo. 1984 huanza na mil novecientos.

Wengi hupotelea kwenye Kiwelisi, maana herufi ya kwanza hugeuka. Elfu tatu ni tair mil, ila elfu mbili ni dwy fil: dwy huilainisha M ikawa F, nayo F hiyo hutamkwa V. (Kibretoni huiandika V yenyewe: daou vil.) Kwa hiyo ukikuta fil, irudishie M ndipo utafute. Programu ya kutafsiri ikidhani umeipa Kifaransa itakuletea "uzi", kwani fil ya Kifaransa ni uzi. Dalili nyingine ni o inayofuata: mil o bunnoedd, pauni elfu moja.

Asali ya Kiayalandi nayo ina sura zake. Ikitanguliwa na an huwa an mhil. Ikiwa ni "ya asali" hugeuka meala, kama katika mí na meala, yaani fungate. Hapo pia rudi kwenye mil. Milis, "tamu", ni ndugu yake.

Usizidharau alama za juu. Elfu ya Kiayalandi ni míle, ambayo pia ni maili. Kigaeli cha Uskoti huandika mìle, mkwaju ukiinamia upande wa pili. Ukinakili maandishi alama zikadondoka, umepoteza njia rahisi kuliko zote ya kuzitenganisha lugha hizo mbili.

Kifaransa kina mille kwa elfu, na mil huonekana kwenye miaka tu. Ukiikuta kwenye habari za kilimo cha Afrika Magharibi, hiyo ni nafaka: uwele.