Mtoto aliyeathirika na pombe tangu tumboni, unaishi naye vipi

Kabla hujashika fimbo elewa kitu kimoja, mtoto ambaye mama yake alikunywa akiwa mjamzito, iwe bia, mbege au gongo, pombe ni pombe tu, ubongo wake unaweza kuwa uliumia kabla hajazaliwa, na ni hali ya maisha. Kitaalamu wanaita FASD, kifupi cha Kiingereza cha "fetal alcohol spectrum disorders", yaani madhara ya pombe kwa mtoto tangu tumboni. Kwahiyo akisahau ulichomwambia sasa hivi sio kiburi, hawezi.

Na usisubiri uone sura. Zile alama za macho madogo, mdomo wa juu mwembamba na kale kamfereji chini ya pua kasikoonekana, watoto wengi hawana kabisa. Wako kama wenzao, tena wengine wanaongea vizuri mno, ndo maana wanachapwa sana, kila mtu anaona anajifanyisha.

Tuanze na kumtuma. Ukisema "nenda dukani lete unga na chumvi, ukirudi pitia kwa bibi mwambie aje, halafu ukaoge" umeshampoteza kwenye unga. Muite jina, akuangalie, mwambie "lete chumvi", basi. Akirudi ndo unampa kingine. Na ile "umeelewa?" achana nayo maana atajibu ndio kila siku, mwambie akuonyeshe. Ya asubuhi mchoree: mswaki, sare, chai, begi, bandika pale anapovalia, na mpangilio usibadilike badilike.

Hesabu aliyoipata jana leo imefutika, unarudia upya bila kufoka (najua, inachosha jamani). Mwalimu amkalishe mbele, mbali na mlango, na akianza kuchemka amruhusu atoke kidogo, maana kelele zinamzidi, hata spika za harusi ya jirani zinaweza kumharibia siku nzima. Adhabu ya jioni kwa kosa la asubuhi haimfundishi kitu, haunganishi hivyo viwili, mrekebishe palepale kwa maneno machache.

Sasa akifika ujana ndo kazi. Ana miaka 15, kidevu kinaota ndevu, ila kwenye kujiongoza unaweza kuwa na mtoto wa miaka 8, na anaamini kila mtu. Rafiki akimwambia "nishikie hii simu" anashika, kumbe ya wizi, na polisi wakimhoji anakubali chochote ili yaishe. Kwahiyo wajue marafiki zake kwa majina, hela mpe ya siku sio ya wiki, pin ya simu asikae nayo peke yake, na mambo ya miili na mapenzi muongeleshe waziwazi, mara nyingi, wa kike na wa kiume. Mtafutie pia kitu anachokiweza kwa mikono, kuku, kupika, kushona, huko wengi wanang'aa.

Dawa ya kuponya hakuna, ila mpeleke apimwe masikio na macho, mara nyingi navyo vina shida. Kenya ulizia vituo vya EARC, ndo vile vya elimu vinavyopima watoto wenye mahitaji maalumu, Tanzania anzia hospitali ya mkoa. Mama msimsute, wengi walikunywa hawajajua kama wana mimba na wengine waliambiwa inaongeza damu, na akisutwa atanyamaza. Mkifika kwa daktari semeni ya pombe moja kwa moja, maana hakuna kipimo cha damu cha kumwonyesha FASD, anategemea mnachomwambia.