Namna ya Kuisoma Orodha ya Miji Yenye Maringo

Orodha ya miji midogo ya Marekani inayodaiwa kuongoza kwa maringo inapotumwa kwenye kundi la WhatsApp hapa Dar es Salaam, ubishi huhamia nyumbani mara moja: wa Mbezi Beach humnyooshea kidole wa Masaki, naye wa Masaki hujitetea kwamba amepanga tu. Kabla hujachangia, tafuta kwanza kilichopimwa.

Maringo hayana takwimu. Waandaaji, baadhi yao wakiwa wauzaji wa nyumba mtandaoni, hukusanya bei za nyumba, kipato cha kaya, idadi ya wenye shahada, shule binafsi, majumba ya sanaa na uchache wa migahawa ya vyakula vya haraka, kisha jumla yake wakaiita maringo. Kila kipimo kiulize kama tajiri mnyenyekevu asingepata alama zilezile. Mara nyingi utakuta angezipata.

Chukua Atherton, mji wa California wenye watu takriban 7,000. Taratibu zake za mipango miji haziruhusu biashara, na viwanja vyake vingi ni vya ekari moja hivi, kwa hiyo muuza chipsi hana pa kufungua banda hata kama wakazi wanalitamani. Udogo nao huvuruga hesabu. Jumba moja la sanaa katika mji wa watu 7,000 ni sawa na majumba 14 kwa kila watu 100,000, wakati Dar es Salaam, yenye watu 5,383,728 kwa sensa ya mwaka 2022, ingehitaji majumba zaidi ya 760 ili kuufikia uwiano huo. Tazama pia kipato: majedwali ya Ofisi ya Sensa ya Marekani huishia dola 250,000 kwa kipato cha kati cha kaya, yaani cha kaya iliyo katikati zote zikipangwa kwa kipato, na miji iliyovuka hapo huandikiwa alama ya kujumlisha tu, hivyo anayeipanga kwa kutumia majedwali hayo peke yake hana njia ya kujua upi umeuzidi mwingine.

Majibu ya wakazi yasome kwa makini kuliko orodha yenyewe. Anayecheka na kuisambaza mara nyingi anajivuna kwa mlango wa nyuma. Anayeusukumia mji wa jirani amekubali kipimo na kukataa nafasi tu. Mwenye jambo la kukuambia ni yule anayeeleza ni nani hufanya kazi mjini humo bila kumudu kulala humo.

Ukitaka kuandaa orodha ya mitaa yetu, kumbuka kwamba Oysterbay ilipangwa na wakoloni kwa ajili ya Wazungu, na upana wa viwanja vya ushuani usiuhesabu kuwa tabia ya wanaoishi humo leo. Waulize wanaopanda daladala alfajiri kutoka Mbagala, yaani dada wa kazi, mtunza bustani na mlinzi. Muulize mlinzi ni wangapi hushusha kioo wakamsalimu na wangapi humpigia honi tu afungue geti, na kama kijana wa nyumba humwamkia shikamoo. Uliza mbali na mwajiri, usiandike jina la mtu wala namba ya nyumba, na mtaa uliopata watu wawili tu wa kuwauliza usiupe nafasi yoyote.