Kilimani ama Kileleshwa? Namna ya kuchagua kabla hujatoa pesa ya nyumba

Mtu akipata pesa ya kununua nyumba Nairobi, Karen akaitoa kwa hesabu manake bei haishikiki, Ruaka akaikataa manake ni mbali na kazi, mara nyingi anabaki na hii mitaa miwili, Kilimani na Kileleshwa, halafu anaanza kuuliza kila mtu wapi ni poa. Atajibiwa Kilimani ni kelele na Kileleshwa ni kutulia. Hilo jibu lilikuwa sawa zamani kidogo. Saa hii ukilifuata hivo tu unaweza kulipia utulivu ambao hautakuwepo ukimaliza kulipa mogeji, yaani mkopo wa nyumba.

Kwanza ujue unaonyeshwa nini, manake maajenti hupenda kuvuta mipaka. Nyumba iko karibu kufika Dagoretti Corner lakini tangazo linasema Kilimani, ingine iko chini kabisa upande wa Kawangware inaitwa Kileleshwa, ama "Lavington" wakiona umevaa vizuri. Mitaa yote miwili iko eneo bunge la Dagoretti Kaskazini na ni majirani kabisa, Ring Road inatoka huku inaingia huku. Kwa hio usikubali jina la mtaa pekee, itisha jina la barabara. Ukiambiwa Wood Avenue, Kindaruma, Lenana, Argwings Kodhek ama Galana, hapo uko Kilimani. Ukiambiwa Othaya, Mandera, Siaya, Kandara, Githunguri ama Oloitoktok, hio ni Kileleshwa. Ajenti akikataa kutaja barabara hadi mkutane, kuna kitu anaficha, na mara nyingi ni umbali.

Sasa, unanunua ukae ama upangishe? Jibu hili kabla ya kitu kingine chochote, manake hapo ndo mitaa hii inatofautiana kweli. Kilimani ni ya mtu wa kutembea kwa miguu. Maduka makubwa ya Yaya yako hapo, ya Prestige yako hapo kwa Ngong Road, Nairobi Hospital iko hapo mwisho wa Argwings Kodhek, mama mboga na kibanda cha chapati vyote viko kona, matatu za 46 zinapita na ukishuka Ngong Road unapata za 111 hadi usiku. Mtu hana gari, anafanya kazi Upper Hill, hana watoto, huyo Kilimani itamfaa sana. Kileleshwa ni ya mtu wa gari. Matatu ziko, za 48, lakini barabara nyingi za ndani ni ndefu na huku ndani dukani ni safari, ingawa Kasuku Center inasaidia. Kwa upande mwingine ukiwa na gari unatoka haraka kwenda Westlands na Waiyaki Way, na tangu Expressway, ile barabara ya kulipia, ifunguliwe 2022 mtu wa kusafiri sana kwenda uwanja wa ndege wa JKIA akiwa Kileleshwa amepata afueni kubwa. Watoto pia wana nafasi zaidi huku, na Arboretum haiko mbali ukitaka kuwatoa Jumapili.

Lakini hayo yote unaweza kuyaona mwenyewe kwa macho ukizunguka. Kile watu hawaoni ni ploti ya jirani, na mimi ningekuambia ukiwa na siku moja tu ya kuchunguza nyumba, itumie yote nje ya hio nyumba.

Iko hivi. Hii mitaa yote ilijengwa na bangalo, nyumba moja kwa nusu ekari ama zaidi, miti mikubwa, ua wa kei-apple. Kilimani ilianza kubomolewa mapema, ikaja ghorofa nne, halafu nane, halafu zikapanda hadi kumi na tano na kuendelea. Kileleshwa inafuata njia hio hio, imechelewa tu. Sasa mnunuzi anapelekwa Kileleshwa, anasimama kwa balkoni ya ghorofa ya sita, chini anaona bangalo ya zamani na mti wa jacaranda umechanua, anasikia ndege, anasema hapa ndo kwangu. Analipa zaidi kwa sababu ya hio view. Hio bangalo ndo hatari yenyewe! Ni ploti ambayo haijajengwa bado, na mwenyewe akiuza, na kwa bei za ardhi za huko atauza, utapata miaka miwili mitatu ya vumbi, mchanga, malori na konkriti ya usiku, halafu ukuta mbele ya dirisha la sebule. Ni afadhali ukae karibu na jengo refu ambalo limekwisha kujengwa, hata kama ni baya, manake hilo ubaya wake umeshauona na bei inaonyesha. Nyumba yenye ploti tupu ama bangalo pande mbili, bei yake ifanyie mazungumzo kana kwamba view haiko.

Utajuaje kama kuna kitu kinakuja? Tembea hio barabara yote ukisoma mageti. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inataka anayebadilisha matumizi ya ploti atangaze, kwa hio utaona bango geti likisema mtu anaomba kubadilisha kutoka nyumba ya familia moja kwenda makazi ya ghorofa. Matangazo mengine huwa kwa magazeti. Mabati yakiwa yameshazungushwa utapata bango lenye jina la mradi, akitekta na namba ya NCA, ile mamlaka ya ujenzi. Halafu ongea na soja wa jengo la jirani, nunua soda mkae hapo kidogo. Soja anajua ploti gani imeuzwa kabla ya mtu wa kaunti kujua.

Baada ya hapo, maji. Hapa Kilimani na Kileleshwa ni kama ndugu, zote zinaumwa. Maji mengi ya Nairobi yanatoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, hayatoshi jiji, na kampuni ya maji huwa na ratiba ya mgao, kila mtaa na siku zake. Itafute hio ratiba uangalie siku za barabara yako hasa, manake ndani ya mtaa mmoja zinaweza kutofautiana. Halafu kumbuka mabomba na mifereji ya majitaka iliwekwa wakati wa zile bangalo, sasa pale palipokuwa na familia moja kuna familia mia. Divelopa atakuambia usijali tuko na kisima cha boholi. Sawa, muulize maswali mawili: kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kiko wapi, na matokeo ya maabara ya hayo maji yako wapi. Maji ya visima virefu vya Nairobi yanajulikana kwa floridi nyingi, ile inayoharibu meno ya watoto, kwa hio ya kuoga ni sawa lakini ya kunywa utakuwa unanunua. Na usiulize ajenti kuhusu maji kabisa. Uliza mpangaji unayekutana naye kwa lifti, "mlipata maji ya mfereji lini mara ya mwisho, na lori la maji linakuja mara ngapi kwa mwezi, na nani analipa?" Hio ya nani analipa ni muhimu manake kuna majengo lori linaingia kwa sevisi chaji na mengine mnachangishana kwa grupu ya WhatsApp, na mwenye hajachanga anaoga maji yenu.

Mto nao usiusahau. Kirichwa Kubwa na Kirichwa Ndogo zinapita katikati ya hii mitaa, na wakati wa kiangazi zinaonekana mifereji tu. Agosti 2018 serikali ilibomoa kituo cha mafuta na mkahawa pale Kileleshwa kwa sababu vilikuwa kwenye ardhi ya mto, na hati za kujengea zilikuwa zimetolewa, si eti walijificha. Mvua za 2024 zikaonyesha tena maji yanakumbuka njia yake. Kama nyumba iko bondeni, shuka hadi besmenti ya pakingi siku mvua imenyesha, angalia alama za maji kwa ukuta. Rangi mpya upande wa chini pekee ni ishara.

Kelele, hapa Kilimani inapoteza, sitazunguka. Launji ziko, zinafunga alfajiri, na jengo likiwa na Airbnb nyingi unakuwa na majirani wapya kila wikendi wakitafuta geti saa nane usiku. Lakini usiseme Kilimani yote, kuna barabara za ndani kule mtu analala vizuri kuliko Kileleshwa penye ujenzi. Nenda Ijumaa saa sita usiku, zima injini, shusha kioo, usikilize. Rudi Jumatatu saa moja asubuhi uone jamu ya kutoka. Mtu akinunua nyumba ambayo ameiona Jumamosi saa nne asubuhi pekee, amenunua picha.

Walio majuu, Dubai, Doha, Marekani, hili linawahusu zaidi, manake hizi nyumba zinatangazwa sana kwenu na mnatumiwa video ya droni. Mtume mtu ambaye hapewi kamisheni na yeyote.

Kama unanunua upangishe, usikubali ile hesabu ya brosha. Chukua mfano wa nyumba ya milioni 12, kodi 80,000 kwa mwezi. Brosha inasema 960,000 kwa mwaka, asilimia 8. Sasa toa mwezi mmoja nyumba ikae tupu, unabaki na 880,000. Toa ushuru wa kodi ya nyumba wa KRA, asilimia 7.5 tangu Januari 2024, hio ni 66,000. Toa sevisi chaji ya tuseme 12,000 kwa mwezi, 144,000 kwa mwaka. Toa 40,000 ya rangi na mabomba. Umebaki na 630,000, yaani asilimia 5 na kitu. Si vibaya lakini ilinganishe na hatifungani za serikali kabla hujakopa benki. Kwa maoni yangu, studio na chumba kimoja Kilimani saa hii achana nazo kabisa, ukizunguka utaona mabango ya "to let" jengo baada ya jengo na yote yanagombania mpangaji yuleyule. Vyumba vitatu na DSQ, kile chumba cha mfanyakazi, Kileleshwa vinapata familia, na familia ikishapeleka mtoto shule ya karibu haihamihami.

Mwisho ni karatasi na hapa Kileleshwa ina kitu chake. Huko kulikuwa na nyumba nyingi za serikali za wafanyakazi wa umma, na ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilieleza jinsi ardhi za umma zilivyogawanywa kiholela. Kilimani pia haikusazwa. Kwa hio usiridhike na sachi ya Ardhisasa, ule mtandao wa serikali wa rekodi za ardhi, inayoonyesha jina la mwenye sasa, mwambie wakili arudi nyuma hadi ile ploti ilitolewa vipi mara ya kwanza. Mwaka 2023 Mahakama ya Upeo kwenye kesi ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa, ilikuwa ploti ya ufuoni Nyali, ilisema kununua kwa nia njema hakukuokoi kama chanzo cha hati kilikuwa haramu. Usisikie "hii iko safi" ya mdomo.

Itisha hati ya seksheno, yaani hati ya nyumba yako pekee ndani ya jengo, kwa jina lako, chini ya sheria ya 2020, si sablisi ya zamani (kukodishiwa kwa miaka mingi) na hisa kwa kampuni ya usimamizi. Uliza kama hati mama, ile ya ploti yote, imewekwa rehani benki, manake divelopa wengi hujenga na mkopo, na kama imewekwa, benki iandike barua kwamba itaachilia nyumba yako ukimaliza kulipa. Angalia lisi, yaani muda wa kukodishiwa ardhi, imebakisha miaka mingapi, nyumba mpya inaweza kuwa juu ya lisi iliyozeeka. Ushuru wa stempu ni asilimia 4, kwa hio ile ya milioni 12 weka 480,000 kando mbali na wakili. Muuzaji akitaka akuongezee ushuru wa faida ya mauzo wa asilimia 15 kwa bei, huo ni wake.

Deposit ya kawaida ni asilimia 10 na kumaliza ni siku 90, na inakaa kwa akaunti ya wakili, si ya ajenti. Nyumba ikiwa bado iko kwa ramani lipa kulingana na ghorofa zinavyopanda, si kalenda. Na kabla hujashika ufunguo hakikisha mita ya tokeni ya stima inasoma namba yako, mita ya maji ni yako peke yako, na pakingi yako imeandikwa namba ndani ya plani ya seksheno. Pakingi ya "tutakuonyesha ukihamia" huwa ni ya yule atakayefika kwanza jioni.